Mtoto Asisahau Kusoma Likizo Inapokuwa Ndefu

Mwaka ambao binti yangu alimaliza darasa la pili hapa Wete, kisiwani Pemba, nilimwacha apumzike likizo yote ya Disemba bila ya kugusa kitabu, kwa kuwa niliamini kwamba mtoto aliyekwisha kujua kusoma hawezi kusahau. Skuli zilipofunguliwa Januari nilimpa ukurasa mmoja wa kitabu chake cha Kiswahili, naye akausoma kwa kudodosa, kidole kikifuata silabi moja moja, na kila alipofika mwisho wa sentensi alikuwa ameshasahau mwanzo wake. Herufi hakuzisahau hata moja. Alichopoteza ni wepesi, na wepesi ukipotea maana nayo huondoka, kwa sababu akili yote ya mtoto huishia katika kuunganisha silabi.

Dawa niliyoichagua mwanzo ilikuwa kosa la pili. Likizo iliyofuata nilimpeleka twisheni asubuhi, na alasiri alikuwa chuoni akisoma Kurani kama wenzake, hata akaanza kukiona kitabu kuwa ni adhabu. Sikumaliza nayo mwezi.

Kilichofaa ni dakika 15 kila siku, baina ya Magharibi na Isha, akisoma kwa sauti. Kitabu akikichagua mwenyewe. Akikwama katika maneno zaidi ya matano kwenye ukurasa mmoja, tulikiweka kando mpaka akue kidogo. Nilikuwa nikiudhika anaporudia hadithi ile ile mara ya tatu, hadi nilipogundua kwamba mara ya tatu ndipo sauti yake ilipopanda na kushuka kama ya mtu anayezungumza.

Hata hivyo, robo saa peke yake isingetosha kama msimu wa karafuu usingetuingilia. Sisi huwalipa wachumaji kwa pishi, na kila jioni majina yao na hesabu zao huandikwa daftarini. Nilimkabidhi binti yangu daftari hilo awasomee wenyewe kabla ya malipo, huku wamekaa barazani wakimsikiliza kwa makini kuliko mwalimu yeyote, maana aliyechuma pishi saba hakubali kusomewa sita. Siku ya kwanza alilitamka vibaya jina la mzee mmoja, watu wakacheka, naye akatahayari. Kesho yake nilimkuta mchana, bila ya kuambiwa, amejificha na daftari akiyapitia majina yote. Asiyekuwa na mikarafuu ana orodha ya vitu vya dukani, au gazeti lililofungiwa njugu. Wangu alikuwa akikikunjua kila kipande cha Zanzibar Leo na kulalamika kwamba habari imekatika pale pale ilipokolea.

Jambo moja wazazi wenzangu hulichanganya. Chuoni mtoto hujifunza kutamka herufi kwa makhraji yake sawasawa, na faida yake huonekana hata katika Kiswahili, kwani dhahabu haiwi zahabu kinywani mwake. Lakini huko anaweza kusoma juzuu nzima vizuri bila ya kujua maana ya Kiarabu kile, na akizoea hivyo, hadithi ya Kiswahili nayo ataipitia vivyo hivyo. Kwa hiyo muulize. Usimuulize jina la mhusika, ambalo atalichungulia tu. Muulize kwa nini alifanya alilolifanya, na yeye angefanya nini.

Wapo wanaoniambia kwamba wao wenyewe hawakusoma, basi watamsaidiaje mtoto. Mama yangu hajui kusoma, na ndiye msikilizaji bora aliyewahi kutokea nyumbani kwetu. Hukaa jamvini akichambua makonyo, yaani vijiti vya karafuu, mjukuu akamwambia "Paukwa!", naye akaitika "Pakawa!", kisha anasomewa. Mtoto akiruka mstari, bibi yake huinua mkono uliojaa karafuu na kusema, "Ngoja, mama. Huyo fisi si ulisema amefungwa? Kafika vipi kisimani?" Hapo binti yangu hurudi nyuma na kuutafuta mstari alioupita.