Nafasi ya mbele ya paneli ni ya fundi, si ya magunia

Mdogo wangu unayeanza kazi ya umeme wa viwandani huku kusini, siku ya kwanza eneo la kazi toa futi kamba kabla ya bisibisi. Pima sakafu pale paneli, yaani kabati la vifaa vya umeme, itakaposimama, na pale wewe utakaposimama utakapoitwa usiku mota imegoma.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho mkoani Mtwara, tulifunga paneli kwenye kona, kati ya ukuta na bomba la mvuke la boila. Mlango ulifunguka nusu, ukagota bombani. Mwenye kiwanda alitaka nafasi ya magunia, nasi tukakubali. Miezi michache baadaye mwenzangu aliingia kutafuta hitilafu ya kontakta, ile swichi inayowasha na kuzima mota, umeme ukiwa umewashwa. Ilimbidi asimame ubavu, mlango umembana bega, mgongo unagusa ukuta. Spana ikateleza, moto ukalipuka mbele yake, akataka kurudi nyuma na hapakuwa na pa kurudi. Aliungua mkono na shingo. Alipona, lakini kosa lile tulilifanya sisi, siku tuliyotoboa matundu ya bolti.

Huwa nafundishia vipimo vya kanuni za umeme za Marekani, kifungu cha 110.26, kwa sababu vinaeleweka haraka, hata kama kazi yako itakaguliwa kwa kanuni nyingine. Umeme wetu wa viwandani ni volti 400 fezi kwa fezi, yaani kati ya waya mbili zenye umeme, na 230 fezi kwa ardhi. Kwa kiwango hicho, kama nyuma ya fundi hakuna kitu chenye umeme wala kilichoungana na ardhi, nafasi ya mbele isipungue sentimita 91. Kama nyuma yake kuna ukuta wa zege, tofali au vigae, iwe mita 1.07. Kama kuna paneli nyingine inayotazamana na hiyo, nayo huenda ikafunguliwa ikiwa na umeme, mita 1.22. Upana usipungue sentimita 76, au upana wa paneli yenyewe kama ni kubwa zaidi. Kwenda juu, mita 2. Mlango ufunguke angalau nyuzi 90.

Vijana wengi huniuliza ukuta una kosa gani hata uongezewe sentimita 16. Zege hupitisha umeme, hasa likishanyonya unyevu, na huku kwetu mvua zikikolea kuanzia Desemba ukuta wa kiwanda unaushika unaona una jasho. Mkono mmoja ukigusa fezi na kiwiko cha pili kimeegemea pale, umeme unapita kifuani. Zile sentimita ni za kiwiko chako.

Tazama na juu. Bomba la maji au la mvuke lisipite juu ya paneli. Kanuni hiyohiyo inalinda eneo hilo hadi mita 1.8 juu ya kifaa, au hadi darini. Na kama ndani kuna draivi za kurekebisha kasi ya mota, ziachie pumzi juu na chini kama mtengenezaji alivyoandika. Draivi nyingi hubeba mzigo kamili kwenye joto lisilozidi nyuzi 40, na vumbi la maganda ya korosho huziba feni zake mapema kuliko unavyodhani.

Kazi ngumu inakuja Oktoba, korosho zinapoanza kuingia. Sehemu yoyote iliyo wazi hugeuka ghala. Mama mmoja mtunza ghala aliwahi kuniambia, "Fundi, haya magunia ni ya siku mbili tu." Nikamjibu, "Mama, hitilafu haitangoja hizo siku mbili." Aliyaondoa. Lakini usitegemee maneno. Chora eneo la mbele ya paneli kwenye ramani, mwenye kiwanda aweke saini, kisha lipake rangi ya njano sakafuni kabla hujakabidhi kazi.

Ukirudi kutengeneza, zima swichi kuu, piga kufuli lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako, usimwachie msimamizi wa zamu. Jaribu tesita, yaani kipima umeme, mahali unapojua pana umeme, pima paneli, kisha rudisha tesita pale pa kwanza uhakikishe bado inafanya kazi. Kwenye draivi subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, maana kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, hubaki na chaji.

Kuna jambo moja huwaponyoka hata mafundi wazoefu: nyaya za kontroli, zile za kuamuru mashine iwake au izime, zinazotoka paneli nyingine hubaki na umeme hata swichi kuu ya paneli hii ikizimwa. Zitie rangi ya peke yake siku ya kufunga, na kwenye mlango andika zinatoka paneli ipi na zinazimiwa wapi.