Nani Kamsahau? Kwa Vijana Wapya wa Makala za Mtaani

Nawapenda, lakini mtaniua. Makala zenu za redio za majuzi nimezisikiliza zote. Mshona nguo wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, "amesahaulika". Mvuvi wa Sahare "amesahaulika". Hata mama wa vitumbua wa Makorora, ambaye wateja wanamjazia kibaraza tangu alfajiri, naye "amesahaulika". Na nani, jamani? Haya, kaeni tuongee.

1. Shikamoo kwanza, kinasa sauti baadaye. Kahawa ikija, kunywa. Nendeni baada ya alasiri. Saa nane mchana mnamwamshia nini mtu mzima?

2. Jiandaeni. Unamhoji mtu aliyekulia Tanga ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, halafu unamuuliza Shakila, mwimbaji wao, ni nani? Bibi mmoja alimjibu mwenzenu, "Kamuulize mama yako kwanza, mwanangu," akaingia zake jikoni.

3. Huruma. Hii ndiyo iliyoniumbua mimi. Kulikuwa na mzee Ngamiani, fundi baiskeli, ujanani alipiga fidla kwenye taarabu. Nilimkuta kageuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, ukucha kauweka kando ya ringi. Ringi ikigusa ukucha, anasimamisha, anakaza spoku. Kisha anazidonoa spoku moja moja, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito, akaniambia, na sikio lile lile la fidla ndilo linalomlisha mpaka leo.

Basi mimi, fundi wa makala, yote hayo nikayakata! Nikabakiza kikohozi na shati lililochanika begani, nikapitisha muziki wa ganuni wa majonzi chini yake, nikamalizia kwa sauti ya msibani: "Leo hakuna amjuaye."

Kesho yake majirani wakampelekea mchele na sukari. Bintiye akaja studio, hakukaa, akanifungulia simu nione pesa anazomtumia baba yake mwezi hadi mwezi. "Kaka, jana nilikuwa shughulini. Wanawake wenzangu wananiuliza, mmemtupa mzee?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mzee mwenyewe kuomba radhi, nimejiandaa kutukanwa. Hakutukana. Alinitazama, akalitazama shati. "La kazi hili. Ulitaka nitengeneze baiskeli na kanzu ya Idi?" Mchele, akasema, kaugawa, maana kwake ulikuwepo.

Tulirusha marekebisho, lakini nani husikiliza marekebisho? Baiskeli yangu bado naipeleka kwake, ila bei yangu si ya watu wengine, na sithubutu kuuliza.

Kwa hiyo muulizeni mtu leo anafanya nini, mkono wake unafanyaje, nani anamjia. Shati liacheni.

4. Ulizeni jina la nyumbani, la mtaani, na lipi anataka lisikike redioni. Yupo kati yenu aliyelirusha hewani jina la utani la bwana mmoja, wakwe zake wakiwa wanasikiliza. Anajijua.

5. Kabla ya kuaga, rekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kuongea. Mhariri atakushukuru.

6. Betri. Kila wiki nasema betri.