Mkuu uliyetuandikia kutoka Muleba, Kagera, hiyo karatasi ya butura usiisaini

Achana na butura, huko kuuza kahawa ikiwa bado maua au iko mtini. Salamu zitafuata, kwanza hilo likuingie.

Umeandika kwamba una kibanja cha urithi chenye mibuni kama mia nne, mtoto wako kachaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni ya serikali, na mfanyabiashara wa hapo kijijini yuko tayari kukupa milioni moja na nusu Januari hii hii, wewe uje umpe kilo elfu moja za maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, msimu ukifunguliwa. Ukauliza pia kama ubaki kwenye chama cha msingi cha ushirika, kama pikipiki ya mkopo inalipa, na kama upande vanila. Wachangiaji watatu wa mwanzo wamekwambia "pambana mkuu, pesa mkononi ndiyo pesa". Hao hawajawahi kumwona mzee anakaa barazani kwake akitazama watu wengine wanachuma kahawa yake.

Tupige hesabu kidogo. Anakupa 1,500 kwa kilo. Tuseme msimu umefunguliwa na bei imefika 3,000. Hapo umekopa milioni moja na nusu ukalipa milioni tatu, kwa miezi mitano au sita. Hakuna mahali kwenye hiyo karatasi pameandikwa riba, na ndiyo maana watu wanaingia kichwa kichwa. Chama cha kuweka na kukopa kikitoza hivyo, wanachama wangebeba sanduku lao na kuondoka siku hiyo hiyo. Bei ikipanda zaidi, nyongeza yote ni ya kwake. Mwaka 2024 robusta ilivunja rekodi kwenye soko la London, ikapita dola 5,000 kwa tani. Mwenye kibanja aliyekuwa ameshauza mtini, neema ile aliisikia redioni tu.

Na mavuno yakiwa mabaya? Deni lako ni la kilo, mkuu, halina habari na mvua. Kilo elfu moja ni kilo elfu moja hata kama mibuni imetoa mia sita.

Nakwambia haya kwa sababu nyumbani kwetu yalitokea, wala si mbali na kwako. Unakumbuka mnyauko wa migomba ulivyoingia Muleba 2006 na kusambaa mkoa mzima. Kibanja cha Mhaya ni ndizi na kahawa pamoja: ndizi inalisha, kahawa inalipa. Ndizi zilipoanza kukauka, mikungu inaiva kabla ya wakati na ukiikata ndani imeoza, kahawa ikabebeshwa kazi mbili. Tukaanza kununua unga na maharage dukani, sisi ambao tulikuwa tunagawa mikungu kwa majirani. Baba alikuwa ameshafariki. Januari ikafika, senene wameisha, mdogo wangu anatakiwa shule. Enzi hizo ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini weka madaftari, sare, dawati na michango isiyo na kichwa wala miguu, inafika pesa ambayo mjane hana.

Akaja rafiki wa familia. Mtu aliyekula na baba, aliyesimama mbele kwenye mazishi yake. Akampa mama laki tatu, akaandika kwenye karatasi ya daftari idadi ya magunia. Kiongozi mmoja wa kijiji akagonga muhuri na kuchukua pesa ya muhuri. Huyo kiongozi mpaka leo sijamsamehe, nasema wazi. Alijua butura imekatazwa, alijua mama hana mtu wa kumsomea ile karatasi, na kazi yake ilikuwa kusema hapana. Mwingine ni bwana mmoja aliyekuja na mradi, amevaa fulana yenye maandishi, akawaambia kina mama kwenye mkutano kwamba kuuza mapema ni "mkopo usio na dhamana". Usio na dhamana! Dhamana ilikuwa kila mbuni uliosimama pale, na mwaka uliofuata, na unaofuata.

Msimu ulipofika, yule rafiki hakusubiri tumletee. Alikuja na vijana wake na debe lake mwenyewe. Lile debe ningelitambua hata leo: kitako kimegongwa kwa ndani mpaka kimetokeza nje kama tumbo, halikai sawa chini bila kushikwa. Kijana anamimina, mwingine analitikisa kahawa ishuke, wanamimina tena, halafu juu wanaweka kilima mpaka punje zinaporomoka. Zinazoporomoka wanazizoa, zinaingia debe linalofuata. Mama anahesabu kwa vijiti. Alipouliza mbona debe halijai, aliambiwa, "Mama, hii ni desturi ya biashara." Magunia yetu kwa macho yetu yalitosha deni. Kwa debe lake yalipungua mawili.

Kuna jambo lingine ambalo wasiolima kahawa hawalijui. Mwenye mbuni anachuma nyekundu, anaziacha mbichi, anarudi baada ya wiki mbili tatu. Mwenye butura ana haraka na mti si wake. Vijana wale walishika tawi wakalivuta toka shinani hadi nchani, nyekundu, njano, kijani, majani, vyote vikaingia kapuni. Matawi mengine yalivunjika. Tawi lililokwanyuliwa namna hiyo mwakani halizai vizuri. Kwa hiyo deni lilibaki, na mti wa kulilipia ukawa umejeruhiwa na yuleyule anayedai.

Magunia mawili yaliyopungua yakaandikwa manne kwa msimu uliofuata. Eti ndiyo kawaida, deni "linazaa". Msimu uliofuata mibuni ikatoa kidogo, kama nilivyosema. Manne hayakutimia. Hatimaye akachukua upande mzima wa chini wa kibanja, mibuni ya babu, awe anavuna mwenyewe mpaka deni liishe, na nani atamwambia limeisha ikiwa debe ni lake? Yule mdogo wangu, ambaye kahawa iliuzwa kwa ajili yake, aliacha shule kidato cha pili. Januari hiyo hatukuwa na kahawa ya kuuza mtini wala ya kuuza ghalani.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote usahau: kopa shilingi, ulipe shilingi. Usikope shilingi ukalipa kilo, wala gunia, wala debe, wala mti. Ukikopa shilingi hata kwa riba inayouma, bei ikipanda deni lako linakuwa jepesi. Ukikopa kwa kilo, bei ikipanda ndiyo unazidi kunyonywa.

Na msidhani ni ya Kagera peke yake. Wangoni na Wamatengo kule Mbinga wana magoma yao ya kahawa, ambayo ni butura ileile. Mtwara na Lindi wana kangomba ya korosho, yaani kumuuzia mlanguzi kwa bei ya chini. Mnakumbuka 2018, wakulima wa kusini waligomea bei za minada, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo. Uhakiki ulipoanza, swali la kwanza lilikuwa shamba lako liko wapi na lina ukubwa gani. Aliyekuwa ameshatoa korosho zake kwa kangomba alibaki anatazama. Majina tofauti, mikoa tofauti, lakini mwezi wa njaa ni uleule, na anayekuja na pesa mwezi huo ndiye anapanga bei.

Hapa nina ugomvi na wakubwa pia. Kila mwaka tunasikia butura marufuku, atakayekamatwa atakiona. Sawa. Lakini mkulima wa kahawa anapata pesa kuanzia katikati ya mwaka, na shule zinafunguliwa Januari. Katikati hapo ukimletea askari bila kumletea mkopo mdogo wa shilingi, umemfanya mwenye butura aje usiku badala ya mchana, na bei ya usiku ni mbaya zaidi. Chama cha msingi nacho kikichukua kahawa na kukaa na malipo ya watu wiki kwa wiki, kinamfanyia mwenye butura kampeni bure. Mkulima hana tamaa ya kuuza maua, anauza kwa sababu hiyo ndiyo dirisha pekee lililo wazi Januari. Mkitaka butura ife, chama kiwe na mfuko wa kukopesha miezi hiyo, kiasi kidogo, kikatwe kwenye malipo kwa shilingi zilezile, na mizani iwe moja inayoonekana na wote. Hapo hamtahitaji polisi.

Sasa wewe, wiki hii. Kwanza punguza hiyo milioni na nusu, maana nina hakika nusu yake ni ya pikipiki umeichomeka humo. Shule ya serikali haina ada tangu Januari 2016. Unachodaiwa ni vile vilivyoorodheshwa kwenye fomu ya kujiunga: godoro, shuka, sare, madaftari, sanduku, pengine jembe na ndoo, na nauli. Kaa na mama watoto mpitie kimoja kimoja. Sare seti moja inaanza, ya pili itafuata. Sanduku la kaka yake au la binamu linapakwa rangi. Halafu nenda kwa mkuu wa shule mapema, umwambie vipi utaleta sasa na vipi Februari. Wengi wao ni waelewa mzazi akijitokeza mwenyewe kabla ya siku ya kufungua.

Kinachobaki kitafute kwa shilingi. Kama uko kwenye kikundi cha hisa, kopa huko hata kama mlishagawana Desemba na mfuko ni mdogo. Kama haupo, mkeo huenda yupo, muulize kwa heshima. Uza mbuzi. Uza miti miwili ya mbao kwa mtu anayelipa leo na kukata leo. Uza mikungu kila wiki hata kwa bei ya kawaida. Shemeji aliye Mwanza akikukopesha laki moja, andikishaneni laki moja.

Chama cha msingi usihame kwa sasa, maana ukipeleka mzigo wako una stakabadhi yenye jina lako, na hiyo stakabadhi ndiyo itakufungulia mlango wa mkopo halali mwakani.

Umesema mwishoni kwamba jamaa ameshakuachia laki mbili "za kushika maneno". Kama bado unazo, usizitumie hata mia. Mrudishie kesho asubuhi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja unayemwamini, akupe karatasi aliyoandika, uichane palepale wote wakiona. Na kama laki mbili umeshazigusa, mwambie utamlipa laki mbili, andikeni upya kwa shilingi, tarehe na sahihi, kilo zisitajwe popote.