Barua kwa Mwanangu: Hisa Wakati wa Vita

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika pamoja na swali lako: vita vikizuka, uuze hisa za kampuni za teknolojia ya fedha ukimbilie za mabenki na mafuta, au utulie? Wewe umeuliza ni hisa ipi. Mimi naanza na nani anayeiuza, maana msimamo wangu unaujua tangu ukiwa skuli: bei ya siku mbaya hupangwa na aliyelazimika kuuza.

Mwaka 2008, Safaricom ya Kenya ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5, ghasia za uchaguzi zilikuwa ndiyo kwanza zimetulia na M-Pesa haijatimiza hata miaka miwili. Ami yako alikopa benki ili apate nyingi. Mimi nilinunua chache kwa fedha za mchezo wa upatu. Bei ilipanda mwanzoni, kisha msukosuko wa fedha duniani ukaivuta, na mapema 2009 ikawa chini ya shilingi 3. Benki haikumngoja. Bado namwona barazani, karatasi ya dalali imekunjwa mara nne katika mfuko wa kanzu, akiniambia ameuza zote. Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40, na mpaka leo ukiitaja mbele yake huacha chai ikapoa.

Utasema ile haikuwa vita, nami nakubali. Basi itazame Urusi. Ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Sberbank, benki ya Urusi yenye asili ya karne ya 19, na Tinkoff, benki ya kwenye simu isiyo na matawi, ziliporomoka pamoja katika soko la hisa la London mpaka uuzaji wa hisa zao ukasimamishwa; Moscow kwenyewe biashara ya hisa ilifungwa karibu mwezi mzima. Vikwazo vya Magharibi havikuuliza umri wa benki. Hata Raiffeisen ya Austria, benki ya kizamani kwa kila kipimo, iliumia vibaya kwa kuwa ilikuwa na biashara kubwa Urusi.

Hata hivyo siwezi kusema tofauti kati ya za kale na za teknolojia haipo. PayPal, kampuni ya Marekani ya malipo ya mtandaoni, ilipoteza karibu robo ya thamani yake kwa siku moja mwanzoni mwa Februari 2022, kabla ya uvamizi, kwa sababu makadirio yake ya ukuaji yaliwavunja moyo wenye hisa. Kisha vita vikapandisha mafuta, mafuta yakachochea mfumuko wa bei uliokwisha kuanza, na Machi benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Kampuni ambayo thamani yake imesimama juu ya faida ya miaka ijayo huumizwa zaidi riba ikipanda, maana faida ya kesho hupungua thamani leo, ilhali kampuni ya Exxon huuza mafuta leo kwa bei ya leo. Kwa hiyo mkosaji ni riba, si mizinga? Nikisema ndiyo, najijibu mwenyewe kwamba riba nayo ilisukumwa na vita. Nikisema siyo, PayPal ya Februari inanikatalia.

Ulimi unaniwasha nikwambie ubaki nazo, lakini nitauzuia. Bei ya siku mbaya hupangwa na aliyelazimika kuuza, na kama wewe ni mmoja wao mimi sijui. Niandikie kwanza: hisa hizo umezinunua kwa akiba, au ule mkopo ulioutaja wakati wa Idi bado unakatwa kwenye mshahara?

Mamako