Kiduha hakitibiwi kwa chupa

SWALI: Nalima mahindi Rorya na shamba limeingiliwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Niliuziwa chupa ya maji ya majani ya desmodiamu kama dawa ya asili. Nimenyunyiza msimu mzima, bado maua ya zambarau yanachomoza. Niongeze kipimo?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu, wala usinunue nyingine. Kila palizi ikifika naulizwa jambo hili, na linaniuma, kwa kuwa desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, ni dawa ya kweli na wauza chupa wanauharibia jina.

Nguvu yake iko kwenye mizizi, tena mizizi iliyo hai. Mizizi hiyo hutoa kemikali udongoni muda wote: nyingine huiamsha mbegu ya kiduha iote, nyingine huzuia kimzizi chake kisijishike kwenye mahindi. Kiduha kikishaota bila wa kumnyonya, hufa. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, waliligundua hilo Mbita, Kenya, ng'ambo ya pili ya mpaka, miaka ya 1990, wakiwa wanatafuta mimea ya kufukuza viwavi wanaotoboa mabua. Maji ya majani uliyonyunyiza juu hayaigusi mbegu iliyolala ardhini, na mbegu hiyo hukaa hai zaidi ya miaka kumi.

Kwa hiyo panda desmodiamu yenyewe, mstari mmoja katikati ya kila mistari miwili ya mahindi. Mbegu ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu. Palizi ya kwanza fanya kwa mkono, maana miche yake hufanana na magugu na wengi huifyeka. Msimu unaofuata usiilime. Ikate, ulishe ng'ombe, upande mahindi katikati. Kiduha kinachochomoza king'oe kabla hakijatoa maua: mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu. Usitarajie shamba safi msimu wa kwanza.

Wauzaji hawa hawaishii kwenye kiduha. Gugu karoti, gugu vamizi lenye majani kama ya karoti, limeenea Arusha, nao wameshachemsha mkaratusi na mwarobaini wauze kama dawa yake. Watakuonyesha mbegu zilizogoma kuota kwenye kisahani, na huenda ni kweli ziligoma. Lakini shambani mvua huzimua maji hayo, na vijidudu vya udongo huvunjavunja kemikali zake. Yakiwa makali kiasi cha kuzuia gugu lisiote, muulize muuzaji maharage yako yataotaje hapo hapo.