Kiyoyozi kinakata kwenye matuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla ya 1996, naishi Tanga. Kiyoyozi kinatoa baridi vizuri, lakini nikipita tuta kinaleta joto, kisha baridi inarudi yenyewe. Nimejaziwa gesi mara mbili, hali ni ileile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijaze gesi tena, pesa yako inapotea bure. Kinachokatika kwa mtikisiko karibu kila mara ni waya.

Washa injini na kiyoyozi, fungua boneti. Taa ya testa ibane kwenye hasi ya betri, ncha yake iguse waya wa klachi ya kompresa (kifaa cha sumaku kinachoiunganisha pampu ya gesi na mkanda). Mwenzio autikise mtandao wa waya polepole, mbali na mikanda na feni. Klachi ikiachia na taa ikizimika, umeme haufiki: rudi nyuma kwenye swichi ya presha, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), hadi fyuzi. Taa ikiendelea kuwaka huku klachi imeachia, shida ni ethi (waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) au koili ya klachi.

Kwa gari la pwani mimi huanza na ethi. Chumvi ya bahari huila shaba ndani ya ganda, nje waya unaonekana mzima kabisa. Ukiubambua ganda unakuta ukijani. Kata kipande hicho chote, unga kwa risasi. Kusokota na kufunga selotepu hakudumu.

Na nakusihi, usiweke fyuzi kubwa zaidi. Waya utaungua kabla yake.