Maswali ya Wasomaji: Walikwenda Wapi Madereva wa Kila Gari?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa magari niliyestaafu, nakaa hapa Nakuru, na tangu utotoni nimezoea kusimama kando ya barabara kungojea vumbi la Safari Rally. Marehemu baba yangu mdogo, ambaye alipenda langalanga kuliko kandanda, alikuwa akitusimulia kwamba zamani bingwa wa dunia hakuwa mtu wa gari moja. Juma hili alishindana kwa lile gari la langalanga lenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, juma lijalo kwa gari la kawaida la nyumbani, na la tatu alikuwa Marekani. Wajukuu zangu, ambao hutazama mbio hizi kwenye televisheni, wananicheka nikiwaeleza. Je, ni kweli, au ni chumvi ya wazee? Na ikiwa ni kweli, kwa nini madereva wa leo hawafanyi hivyo? (Fundi mstaafu, Nakuru)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Baba yako mdogo hakutia chumvi, na huenda hata alipunguza. Tumtazame mmoja tu kwa karibu, Jim Clark, mfugaji wa kondoo kutoka Scotland aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1963 na 1965. Mwaka 1964, huku akiwania ubingwa wa dunia, alishiriki pia mashindano ya Uingereza ya magari ya kawaida akiendesha Ford Cortina iliyoboreshwa na kampuni ya Lotus, akatwaa na taji hilo. Zipo picha za gari lenyewe, jeupe lenye mstari wa kijani ubavuni, likikata kona huku gurudumu la mbele la upande wa ndani likiwa limening'inia hewani. Wewe uliyelala chini ya magari maisha yako yote utaelewa haraka kuliko sisi maana ya kuliacha tairi moja lipumzike hewani na kuyatwika mzigo wote matatu yaliyobaki, kona baada ya kona, bila kupinduka.

Hakuishia hapo. Kila Ulaya ilipofunikwa na baridi ya Januari alikwenda New Zealand na Australia kushiriki mashindano ya Tasman, aliyoyashinda mwaka 1965, 1967 na 1968. Mwaka 1960 alikuwa amekwisha kumaliza wa tatu, pamoja na mwenzake, katika mbio za saa 24 za Le Mans, huko Ufaransa. Novemba 1966 aliingia hata katika rali ya Uingereza, ile ya kupita msituni, akaongoza katika baadhi ya hatua kabla ya kulibingirisha gari na kutoka mashindanoni; kwa hiyo wajukuu wakikuuliza kama bingwa wa langalanga aliwahi kuonja matope, jibu unalo.

Lakini mwaka unaostahili kusimuliwa polepole ni 1965. Mbio za Monaco, ambazo zilihesabiwa katika ubingwa wa dunia, zilipangwa tarehe 30 Mei, na zile za Indianapolis huko Marekani, za maili 500, tarehe 31 Mei. Clark aliichagua Indianapolis. Alikuwa na deni huko: mwaka 1963 alimaliza wa pili, na 1964 alianza mbele ya wote lakini matairi yakachanika na kuivunja sehemu ya nyuma ya gari lake. Safari hii, katika mizunguko 200 ya njia ambayo kona zake zote hukatwa kushoto, aliongoza mizunguko 190, akashinda. Gari lake la Lotus lilikuwa na injini nyuma ya dereva, na hapo kabla hakuna gari la namna hiyo lililokuwa limeshinda Indianapolis. Akarudi Ulaya, akashinda mbio moja baada ya nyingine, na tarehe 1 Agosti huko Nürburgring, Ujerumani, ubingwa wa dunia ukawa wake huku mbio tatu zikiwa bado hazijafanyika. Hakuna mwingine aliyewahi kuyachukua yote mawili katika mwaka mmoja.

Aliyeshinda Monaco siku ile Clark hayupo ni Graham Hill, na huyu utampenda, kwa sababu alikuwa fundi mwenzako: aliwahi kufanya kazi katika karakana ya Lotus, na leseni ya udereva aliipata akiwa na umri wa miaka 24. Hill alishinda Monaco mara 5, Indianapolis mwaka 1966, na Le Mans mwaka 1972, na mpaka leo ndiye mtu pekee aliyeyakusanya yote matatu. Upande wa Marekani walikuwako akina Mario Andretti, aliyeshinda mbio za Daytona za magari makubwa ya bodi mwaka 1967, Indianapolis mwaka 1969, kisha akawa bingwa wa dunia wa langalanga mwaka 1978. Naye Dan Gurney, Juni 1967, alishinda Le Mans akipokezana usukani na A. J. Foyt, na juma moja baadaye akashinda mbio za Ubelgiji katika gari la langalanga lililojengwa na kampuni yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sababu. Ya kwanza ni tumbo. Dereva wa wakati ule hakuishi kwa mshahara mnono wa timu. Sehemu kubwa ya riziki yake ilitokana na malipo ambayo waandaaji walimpa kwa kufika tu na kushindana, pamoja na zawadi, kama mpiga muziki anayelipwa kwa kila onyesho. Asiyekwenda hakulipwa. Tena ratiba iliruhusu: mwaka 1965 mbio za ubingwa wa dunia zilikuwa 10, ilhali mwaka 2024 zilikuwa 24, kuanzia Machi hadi Desemba, na kati ya mbio na mbio dereva anaitwa na wadhamini au amekaa kwenye mtambo wa kuigiza barabara.

Sababu nyingine ni gari lenyewe, na hapa ndipo sisi tunapopaona kuwa kiini cha jambo. Gari la langalanga la mwaka 1965 lilikuwa na injini ya lita moja na nusu, matairi membamba, na halikuwa na bawa lolote la kulikandamiza chini kwa upepo. Mabawa yalianza kuonekana mwaka 1968. Dereva alilikatisha kona kwa kuliacha liteleze kidogo na kulidaka kwa usukani na mafuta, na mkono uliojua kazi hiyo uliifanya vilevile ndani ya Cortina. Gari la leo hushikiliwa chini na upepo unaopita juu na chini yake, hata likawa linashika barabara zaidi kadiri linavyokimbia, na dereva hana budi kuuamini upepo asiouona. Ustadi huo ni mkubwa, lakini hauhamishiki kwa urahisi.

Kisha kuna mikataba. Timu inayomlipa dereva mamilioni haitaki akavunjikie kwenye gari la watu wengine, na woga huo una msingi: Februari 2011 Robert Kubica wa Poland, dereva tegemeo wa timu yake ya langalanga, aliingia katika rali ndogo nchini Italia, akapata ajali iliyouharibu vibaya mkono wake wa kulia, na hakurudi kwenye mbio za langalanga hadi mwaka 2019.

Hapo, mzee wetu, utuwie radhi tukigusa jambo ambalo wanaoulilia wakati ule hulipita kwa haraka. Clark alifariki tarehe 7 Aprili 1968 huko Hockenheim, Ujerumani, gari lake lilipoacha njia na kugonga miti ambayo haikuwa na kizuizi chochote mbele yake. Hazikuwa mbio za ubingwa wa dunia. Zilikuwa za daraja la pili, siku ya mvua, ambazo dereva wa hadhi yake leo asingeruhusiwa hata kuzifikiria. Mwezi uliofuata Mike Spence alifariki akijifua Indianapolis, na Juni Ludovico Scarfiotti akafariki katika mashindano ya magari ya kupanda mlima. Jo Schlesser alifuata Julai, na ni yeye tu kati ya hao wanne aliyefia katika mbio za ubingwa wa dunia. Kule kuzunguka huku na huko tunakokusifu ndiko kulikowapeleka wale watatu kwenye vifo vyao.

SWALI: Je, siku hizi hakuna hata mmoja anayejaribu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

JIBU: Wapo. Fernando Alonso, dereva wa langalanga kutoka Hispania, aliiacha Monaco mwaka 2017 kwenda Indianapolis, kama Clark, akaongoza mizunguko 27 kabla injini haijafa karibu na mwisho. Baadaye alishinda Le Mans mwaka 2018 na 2019, na mwaka 2020 akaenda kwenye rali ya Dakar. Ili amfikie Graham Hill amebakiwa na Indianapolis tu. Nico Hülkenberg alishinda Le Mans mwaka 2015 akiwa bado dereva wa langalanga. Kimi Räikkönen, bingwa wa dunia wa mwaka 2007, alikimbia rali za dunia mwaka 2010 na 2011, lakini bahati haikutuangukia sisi wa Afrika Mashariki: Safari Rally ilikuwa imeondolewa katika ratiba hiyo baada ya mwaka 2002, na haikurudi hadi 2021.

Anayetufurahisha zaidi ni Max Verstappen. Septemba 2025, akiwa tayari bingwa wa dunia mara 4, alitaka kushindana kwa gari la bodi kwenye ile njia ndefu ya Nürburgring, ileile ambako Clark aliufunga ubingwa wake, yenye zaidi ya kilomita 20 za kona zinazopanda na kushuka msituni. Waandaaji walimwambia hana kibali. Ilimbidi kwanza ahudhurie mafunzo, kisha akimbie katika gari lenye nguvu ndogo kama mgeni mwingine yeyote, ndipo akapewa karatasi yake; majuma mawili baadaye alirudi na Ferrari, akapokezana usukani na mwenzake, wakashinda.